Kiti cha Tingatinga

Sina ugomvi na mashemeji wa watu. Nalisema hili mwanzoni kabisa, maana nikifika mbele mtasema Jabir ana kijicho. Hapana. Shemeji ni mtu wa heshima, hasa akiwa shemeji wa tajiri, na hasa akiwa hajui kazi yoyote. Mtu anayejua kazi moja utamweka kwenye kazi hiyo na basi. Asiyejua hata moja unaweza kumweka popote.

Shemeji wetu sisi aliitwa Zadock. Alikuja Nairobi mwaka 1972, mvua za masika zilipokatika, kumfuata dada yake Nakhumicha aliyeolewa na Bwana Wainaina, mwenye kampuni ya kuchimba na kusomba udongo. Bwana Wainaina alikuwa amehamia Parklands karibuni, kwenye nyumba yenye baraza pande zote na mbwa aliyekula nyama kuliko mimi. Yadi ya kazi ilibaki kulekule Waithaka, kwenye shamba la marehemu baba yake, na huko ndiko tulikokuwa sisi wengine: malori, mapipa ya oili, tingatinga moja, na mimi, karani wa stoo, mtoto wa Mombasa niliyetupwa bara na riziki.

Zadock alikula na kulala Parklands mpaka hata mbwa akamzoea. Hapo dada yake akamwambia mumewe kwamba ndugu yake lazima apate kazi ya kukaa. Si ya kubeba, si ya kukimbiakimbia. Ya kukaa. Bwana Wainaina akaja Waithaka akaangaza macho yadi nzima akitafuta kiti, na kiti kilichompendeza kilikuwa kile cha juu ya tingatinga. Kasoro yake ilikuwa ndogo tu: kilikuwa na mtu.

Mtu mwenyewe ni Jamleck. Enzi za mkoloni Jamleck alikuwa mpakaji wa grisi. Aliziosha tingatinga za Wazungu, akazipaka grisi kila kiungo, akazijua kama mama anavyomjua mtoto wake mgonjwa, lakini kupanda akakaa juu ilikuwa haramu kwake. Akikalia kiti, kazi hana. Uhuru ulipokuja wengine walipata mashamba, wengine viti bungeni, naye Jamleck akapata kiti cha tingatinga, na nadhani katika hao wote yeye ndiye aliyefurahi zaidi. Mkewe, Wangeci, alimfumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kile ambacho watu wengine hutandika kwenye makochi ya wageni, na Jamleck akakitandika juu ya chuma na grisi. Kila asubuhi alikipangusa kabla ya kukaa. Hakuna aliyeruhusiwa kukalia kiti kile, hata mimi niliyekuwa rafiki yake na niliyempa oili bila kumsumbua.

Kumfukuza mtu wa namna hiyo bila sababu kungemfanya Bwana Wainaina aonekane mbaya, na yeye alikuwa mzee wa kanisa. Ilimbidi angoje sababu. Na sababu, masikini ya Mungu, ikaja yenyewe.

Tingatinga yetu ilikuwa ya magurudumu, yenye ndoo kubwa mbele ya kuchotea udongo na kuupandisha kwenye lori. Ndoo ile haipandishwi na ngamia. Kuna pampu inayovuta oili kutoka kwenye tangi na kuisukuma kwa nguvu mpaka kwenye mikono ya chuma, mikono inanyooka, ndoo inapanda. Pampu ikaanza kuvuja. Bwana Wainaina akaniuliza kama namjua fundi mzuri, nami kwa furaha ya mtu anayejipalia makaa nikasema ninaye, tena ni damu yangu.

Idarus ni mtoto wa ami yangu, na tulikuwa tukikaa nyumba moja Ngara, yeye na mkewe Waridi na mtoto wao chumba kimoja, mimi kingine. Ni fundi hasa, siwezi kumnyima haki yake. Taabu ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulijua hilo, na akalitangaza vizuri hata akawa hamwachii mtu nafasi ya kumsifu. Alikuja Waithaka na sanduku la spana, akaitoa pampu, akaifungua, akatia mipira mipya ya kuzuia oili, akairudisha mahali pake. Ilipofika Ijumaa, saa sita, kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, kuliunga lile bomba linaloleta oili kutoka tangini kwenda kwenye pampu.

Sasa, Idarus na Ijumaa hawachezi. Akaweka spana chini palepale, akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, akatoa kanzu kwenye mfuko, akaenda zake barabarani kutafuta gari la kumfikisha msikitini mjini. Nami nikamfuata. Nyuma tulimwacha Jamleck, amekaa kando ya tingatinga yake kama mtu aliyebaki wodini, na hindi la kuchoma mkononi alilolinunua kwa Njambi, mama aliyekuwa na jiko lake langoni. Kulikuwa na upepo siku ile na vumbi jekundu la Waithaka lilikuwa likiingia mpaka kwenye meno.

Tuliporudi Jamleck alikuwa ametumwa nyuma ya yadi kuleta pipa la oili. Idarus akavua kanzu, akalala chini ya mashine, akaunga bomba, akakaza, akajaza oili, akajipangusa. Akaniambia nimwambie tajiri kwamba mashine yake imezaliwa upya.

Jumatatu, mashine iliyozaliwa upya ilikataa kazi.

Malori yalipanga foleni, Jamleck akaingiza ndoo kwenye udongo, akakanyaga mafuta, injini ikanguruma vizuri, na ndoo ikapanda mpaka kifuani mwa mtu ikasimama. Ikaanza kutetemeka. Na pampu ikapiga mlio ambao sijausikia tena, mlio wa paka aliyekanyagwa mkia na aliyemkanyaga hana habari. Jamleck alipozidisha mafuta, ndoo ndiyo kwanza ikazidi kuchoka. Madereva wa malori wakazima injini wakashuka kwenda kunywa chai kwa Njambi, na chai yao ikaendelea hivyo wiki nzima.

Idarus akaitwa. Alikuja amenuna, maana kuitwa mara ya pili kwa kazi moja kwake ni kama kuambiwa arudie harusi. Lakini alipima, na alipima kwa utaratibu, mbele ya Bwana Wainaina na Zadock na sisi sote. Akatazama oili tangini, imejaa. Akapandisha ndoo kidogo, akazima injini, akangoja aone kama itashuka yenyewe. Haikushuka, kwa hiyo mikono haivuji ndani. Mwisho akafunga geji yake ya presha, injini ikiunguruma polepole, mshale ukapanda ukasimama palepale unapotakiwa. Akauonyesha kila mtu ule mshale. Kuhusu mlio wa paka alisema ni mipira mipya, inazoea.

Kisha akasema maneno ambayo hakuna aliyemwomba ayaseme.

"Wallahi, pampu hii ni nzima. Kilichoharibika hapa ni mkono wa dereva."

Mimi nilitamani kumziba mdomo kwa kofia yake. Jamleck alitazama mikono yake, mkono mmoja kisha mwingine, kama mtu aliyeambiwa amebeba kitu cha watu. Lakini Bwana Wainaina! Mashine imelala, malori yamelala, naye uso unang'aa kama aliyepata mjukuu. Akasema yeye ni mtu wa haki, hawezi kumhukumu mtu kwa neno la fundi peke yake. Kutakuwa na majaribio. Zadock ataendesha, Jamleck ataendesha, na mashine yenyewe itasema. Zadock alikuwa ameendesha trekta ya shule kwao, alisema, na sisi tukaamini kwa kuwa tuliambiwa tuamini.

Majaribio yakawa Ijumaa asubuhi. Jamleck alikitoa kitambaa cha Wangeci kwenye kiti kabla Zadock hajapanda, akakikunja, akakitia kwapani. Shemeji akapanda. Jamani, tusimdanganye mtu, shemeji alikuwa akiiogopa ile mashine. Alikanyaga mafuta kwa ncha ya kiatu, kama unavyogusa sufuria kujua kama ina moto. Injini ikaguna tu, tena kivivu. Akavuta mkono wa ndoo, na ndoo, na udongo wake ndani, ikaanza kupanda. Polepole. Nilimaliza hindi zima la Njambi nikiitazama. Lakini ilipanda, ikafika juu kabisa, bila kutetemeka, na pampu haikulia hata kidogo. Bwana Wainaina akapiga makofi. Madereva wa malori nao wakapiga, maana mshahara unatoka kwake.

Zamu ya Jamleck. Alipanda, akavuta pumzi, akaendesha kama alivyoendesha miaka yote, kama dereva anayejua lori linangoja. Akakanyaga mafuta mpaka chini. Paka akalia. Ndoo ikafika kifuani, ikasimama, ikatetemeka mbele ya watu wote. Alijaribu tena, na tena, na kila alipoongeza nguvu ndivyo alivyozidi kujichimbia.

"Umeona mwenyewe," Bwana Wainaina akamwambia, kwa ile sauti yake ya kanisani. "Hii mashine imekukataa, Jamleck. Kesho asubuhi unaleta ufunguo, Zadock anachukua."

Jamleck alishuka kwa kurudi nyuma, taratibu, ngazi kwa ngazi, kitambaa bado kiko kwapani. Mtu mzima yule, mwenye wajukuu, alikwenda akasimama nyuma ya pipa la oili akajifanya anatafuta kitu. Iliniuma sana. Nilitaka kusema neno la dhihaka, kama ilivyo desturi yangu, na safari ile sikulipata.

Nikageuka kumtazama binamu yangu, mwenye pampu nzima. Idarus alikuwa na mswaki wa mti mdomoni na alikuwa ameacha kuutafuna. Hakuwa akimtazama Jamleck wala Bwana Wainaina. Macho yake yalikuwa kwenye pampu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka nyumbani.

Mchana tukaenda kuswali. Msikitini nilimwona anaswali kwa kirefu kuliko kawaida yake. Jioni, Ngara, tulipokaa kula, Waridi ametuwekea wali na samaki wa kukaanga, nikaona anauchezea wali kwa vidole. Nikamwambia kama chakula kimemshinda anipe mimi, kwani mkono wangu haujaharibika. Akanitazama vibaya. Halafu ikamtoka.

Akaniuliza kama nimewahi kunywa dafu kwa mrija uliobanwa. Ukivuta polepole unapata maji, kidogokidogo, lakini unapata. Ukivuta kwa nguvu unapata hewa na kelele. Akasema pampu inayopandisha ndoo injini ikiwa pole, na kushindwa injini ikiwa kali, haina ugonjwa wa uchovu. Ina njaa. Oili haiifikii ya kutosha, na kadiri unavyoiharakisha ndivyo inavyokosa. Zadock hakuwa dereva bora. Zadock alikuwa mwoga, na uoga wake ndio uliompa pampu nafasi ya kunywa. Na geji? Geji yeye mwenyewe aliitazama injini ikiwa pole. Ilimwambia kweli, ila yeye aliiuliza swali la kivivu.

Nikamwuliza sasa kilichomzuia kusema hayo asubuhi, mbele ya watu, ni nini.

"Niliapa, Jabir," akasema. "Nilisema wallahi."

Hapo ulimi wangu ukarudi. Nikamwambia vizuri sana, basi mzee wa watu apoteze kiti alichokingoja tangu enzi za mkoloni ili kiapo chake Idarus kipate pa kulala. Nikamwambia afanye haraka kesho asije akachelewa kumpongeza shemeji. Nilimwambia na mengine, ambayo kwa kuwa mtoto alikuwa anasikia, Waridi alinikatiza. Waridi si msemaji. Alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha sahani, akasema jambo moja tu.

"Nilipojifungua, Wangeci alitoka Waithaka na kibuyu cha uji mgongoni. Kwa miguu."

Akaingia jikoni. Idarus akauacha wali.

Asubuhi ya Jumamosi tulifika Waithaka jua halijapanda vizuri. Jamleck alikuwa amekwishafika kabla yetu. Alikuwa ameiosha tingatinga mpaka rangi yake ya manjano imeonekana, kitu ambacho sisi wengine tulikuwa tumekisahau, na ufunguo ameufunga kwa uzi shingoni. Kitambaa cha Wangeci amekikunja mfukoni. Alitaka kumkabidhi shemeji mashine safi, alisema. Mimi nisingemkabidhi hata tope.

Idarus hakusalimia. Alikinga debe, akalala chini ya mashine akafungua lile bomba la kutoka tangini, mwisho wake wa kwenye pampu, na oili ikamwagika kidogokidogo, kama pua ya mtoto, mahali ambapo ingetakiwa kububujika. Akatia kidole. Kikagusa kitu. Akatia koleo dogo, akavuta, akapinda, akavuta tena, na oili ikafuata kwa kishindo mpaka ikamwosha kifua. Akatoka chini amekishika kitu.

Lilikuwa gunzi. Gunzi la hindi, jeusi kwa oili, limevimba.

Lazima niwaeleze jambo moja kuhusu Waithaka, nyinyi mnaotoka kwingine. Kule gunzi ni kizibo. Vifuniko vya madebe yetu yote vilikuwa vimepotea zamani, na kila debe la oili katika stoo yangu lilikuwa limezibwa kwa gunzi, nami nimelalamika mpaka nimechoka. Chupa ya mafuta ya taa ina gunzi. Kibuyu cha uji cha Wangeci kina gunzi. Mtu wa kule akiona kitu kina mdomo na kiko wazi, mkono wake unatafuta gunzi kabla akili yake haijaamka.

Idarus alilitazama lile gunzi, na nikaiona furaha ikimpanda usoni kama maji kwenye ndoo. Kumbe si yeye! Pampu yake ilikuwa nzima, mipira yake mizima, kiapo chake kizima, kimewekewa gunzi na mtu mwingine.

"Mimi sili mahindi," akasema. "Nani kaliweka hili?"

Jamleck alilitazama gunzi kwa muda, kama unavyomtazama ndugu yako aliyelewa harusini.

"Ni mimi," akasema. "Wewe ulienda kuswali ukaacha mdomo ya bomba wazi. Upepo ilikuwa mingi. Nikaona vumbi itaingia kwa pampu, nikaziba. Nikaisukuma ndani kabisa, isianguke. Halafu nikatumwa pipa, na kurudi nikapata umefunga. Nikajua umetoa. Fundi si huangalia?"

Fundi hakuangalia. Alikuwa ametoka kuswali, amefurahi, anataka kumaliza. Na mimi nikasimama pale nimeduwaa, nikiwaza kwamba katika yadi ile nzima hakukuwa na wema mwingine wiki ile ila huo wa watu wawili, mmoja kaitika adhana, mmoja kailinda mashine na vumbi, na wema wao wote wawili ndio ulioiua tingatinga.

Tukasikia Peugeot ya Bwana Wainaina inapanda kilima.

Namjua Idarus tangu tunacheza gololi. Anapenda kuwa msafi mbele za watu kuliko anavyopenda kula. Neno moja tu lilimtosha: dereva wako ndiye aliyeziba bomba. Angekuwa ametakata, kiapo na jina, na Bwana Wainaina angemkumbatia, maana ndiyo sababu yenyewe aliyokuwa akiitafuta, imeletwa ikiwa imepikwa. Jamleck aliujua ukweli huo pia. Alikuwa amekwishaanza kuuvua ule uzi shingoni.

Idarus akatembea mpaka langoni, kwenye jiko la Njambi, akalitupa gunzi katikati ya makaa. Likawaka palepale, moto mrefu na moshi mweusi wa oili, na Njambi akaanza kumtukana kwa Kikuyu kwa kumharibia mahindi. Alikuwa bado anatukanwa gari lilipoingia.

Bwana Wainaina akashuka, na Zadock nyuma yake amevaa ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani. Akauliza kuna nini, mbona mashine imefunguliwa. Idarus akajipangusa oili kifuani.

"Nimelipata kosa," akasema. "Kosa langu. Bomba nililifunga vibaya, pampu ikakosa oili. Dereva hana lawama."

Nilitazama juu kuona kama mbingu zingali mahali pake. Maneno mawili yale, kosa langu, sikuwahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa Idarus, si utotoni, si ukubwani, na hata siku ile yalitoka kwa taabu, kama lile gunzi.

Akalifunga bomba, safari hii baada ya kulichungulia upande huu na upande ule. Akajaza oili. Jamleck akapanda, bila kitambaa, akawasha, akakanyaga mafuta mpaka chini kabisa. Hakuna paka. Ndoo ikazama kwenye udongo, ikajaa pomoni, ikapanda moja kwa moja bila kusita, ikamwaga kwenye lori mpaka lori likachuchumaa. Madereva wa malori wakapiga makofi, na safari hii hawakumtazama tajiri kwanza.

Mtu mwingine angefurahi. Mashine yako imepona, malori yako yanatembea. Bwana Wainaina alisimama pale kama aliyeletewa habari ya msiba na haruhusiwi kulia. Akakohoa. Akasema vizuri, vizuri sana, Mungu ni mwema. Na kwa kuwa sasa mashine ni nzima, basi Zadock hatapata taabu yoyote nayo, ataanza Jumatatu.

Jamleck akazima injini. Tukasikia makaa ya Njambi yanalia.

Idarus akaanza kusema kwamba dereva ameonekana hana kosa. Bwana Wainaina akasema hilo analijua, hakuna anayemlaumu mtu, Jamleck ataangaliwa, pengine kazi ya kuosha malori, lakini yeye ameshaahidi nyumbani. Akasema nyumbani kwa namna ambayo sote tuliiona ile nyumba ya Parklands na Nakhumicha amesimama barazani. Kijana lazima awe na mahali pa kukaa. Kumbe ugonjwa haukuwa kwenye pampu hata siku moja! Tulikuwa tumepima oili, mikono na presha, na mahali penye ugonjwa hakuna aliyefunga geji.

Hasira ikanipanda. Nami nikiwa na hasira mdomo hutangulia.

"Kama shida ni kukaa tu, Bwana Wainaina," nikasema, "si umpe changu? Kina hata mto."

Nililisema kwa kejeli, na kila mtu anayenijua angejua. Lakini Bwana Wainaina aligeuka akautazama mlango wa stoo. Ulikuwa wazi. Ndani kulionekana kiti changu, meza yangu, kivuli, birika la chai na kalenda ya picha ya maua. Shemeji naye akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu aje Nairobi nikamwona mtu yule akitamani kitu kwa moyo wake wote. Hakuna ngazi ya kupanda. Hakuna mlio.

"Unasema kweli, Jabir?" Bwana Wainaina akauliza.

Ningeweza kucheka. Ningesema ni mzaha, bwana, mzaha wa Kimombasa, na yangeishia hapo, nami ningekuwa stoo mpaka leo nikilalamikia magunzi. Nikainua macho. Jamleck alikuwa bado yuko juu, mikono yake miwili iko magotini, ile mikono mibovu, na alikuwa akinitazama mimi. Hakuniomba. Afadhali angeniomba, ningepata njia ya kukataa.

"Kweli," nikasema.

Basi ndiyo hivyo. Zadock alikaa stoo, na nasikia alikaa vizuri sana. Madereva walikuwa wakitafuta oili mpaka jioni na yeye bado amekaa. Bwana Wainaina akaniambia mimi ni muungwana, akanipa mkono, na mkono ndio alionipa tu. Sasa niko hapa Ngara, nauza mipira ya pampu na mabomba kwenye kibanda tulichofungua na Idarus, nimekalia kreti ya soda. Idarus siku hizi hafungi bomba bila kulitia kidole kwanza. Hata chupa ya sharubati huichungulia, na Waridi anamcheka.

Msiniulize kama najuta. Najuta kila mwisho wa mwezi, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Kiti kile nilikipenda, na sikujua mpaka nilipokitoa.

Lakini Jumapili moja Jamleck alikuja na Wangeci, wametoka kanisani, wamevaa vizuri. Hatukuzungumza habari za yadi. Walikunywa chai, wakasifu mtoto, na wakati wa kuondoka Wangeci akafungua mkoba akatoa kitu kimekunjwa kwenye gazeti, akanipa. Kilikuwa kitambaa cheupe cha kufuma, kipya, chenye maua pembeni.

Nimekitandika kwenye kreti. Kila asubuhi nakipangusa kabla ya kukaa, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia, hata Idarus.